Usukani wa Kushoto

Nasifu alifungua mlango wa kulia wa gari, akaingia, akakaa, akanyoosha mikono kushika usukani, na mikono ikashika hewa. Watu wa stendi ya Tororo walikuwa wakingoja hilo tu. Kicheko kilianzia kwa wauza chai kikaenda mpaka kwa mafundi baiskeli. Oluka, ambaye naye alikuwa na gari la abiria pale pale na hakuwa na mapenzi makubwa na Nasifu, alipiga makofi.

"Bwana Nasifu! Nani ameiba sukani yako?"

Nasifu alishuka, akazunguka mbele ya gari kwa mwendo wa mtu aliyekusudia kuzunguka tangu mwanzo, akaingia upande wa kushoto. Huko ndiko usukani ulikokuwa. Gari lilitoka Kongo kwa Wabelgiji, na huko magari hupita kulia mwa barabara, kwa hiyo dereva wao hukaa kushoto. Haji Jamilu, mfanyabiashara wa vitambaa aliyemwajiri Nasifu, alilipata kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akihamia Nairobi. Aliliona refu, la buluu, lina viti vya ngozi, akalipenda papo hapo. Suala la usukani aliliona dogo.

"Dereva ni dereva," alisema. "Hata wakiuweka juu ya paa, Nasifu ataufikia."

Ilikuwa miaka ile kiwanda cha saruji kilipokuwa kipya, watu wakianza kuuzoea moshi wake karibu na mwamba wa Tororo, na pamba ilikuwa imekubali kote wilaya ya Bukedi. Kwa miaka mingi Nasifu alikuwa akibeba abiria kati ya Tororo na Busia kwa gari moja la zamani lenye bodi la mbao. Alilijua gari lile kama alivyoujua mlango wa nyumba yake. Alijua klachi inashika wapi, gia ya pili inataka kubembelezwa namna gani, breki zinataka kukanyagwa mara mbili ndipo zisikie. Abiria walikuwa wakisema Nasifu haendeshi, anaongea na gari. Kisha injini ikapasukia njiani, gari likavutwa na ng'ombe mpaka mjini huku Nasifu akitembea kando yake, na huo ukawa mwisho wake.

Sasa hili la Kongo. Gia yake haikuwa sakafuni bali kwenye shingo ya usukani, kijiti chembamba mfano wa mpini wa kijiko. Ukitaka ya kwanza unavuta kwako kisha unashusha, na kila Nasifu alipofanya hivyo mwili wake ulijiandaa kurudi nyuma, maana kwenye gari la zamani hiyo ndiyo ilikuwa gia ya kurudi nyuma. Klachi ilishika juu kabisa, mguu ukiwa karibu kuiacha. Breki nazo zilikuwa kali. Siku ya kwanza alizikanyaga alivyozoea, na abiria wote wa nyuma wakapiga vipaji vya uso kwenye kiti cha mbele. Mkono wake wa kushoto, uliokuwa na kazi ya gia tangu ujana, sasa ulikaa mlangoni ukipapasa papasa, na wa kulia, uliopewa kazi hiyo utu uzimani, ulikuwa mzito kama umetoka kulaliwa.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Akiwa mkekani anakula, mguu wake wa kushoto ulinyooka wenyewe ukasukuma birika la maji ya kunawa, maji yakatambaa mpaka kwenye sahani ya mboga.

"Kila siku nakausha maji ya klachi yako," mkewe Hajarah alisema, akichukua kitambaa. "Kama gari limekushinda, mwambie Haji."

"Nani amesema limenishinda?"

"Mguu wako."

Nasifu aliacha chakula, akatoka nje, akarudi, akakaa, akatoka tena.

Lakini gia na klachi hazikuwa shida yenyewe. Hizo mtu huzizoea hata akikataa. Shida ilikuwa barabara. Njia ya Busia, ile inayopita Buteba, ilikuwa ya udongo mwekundu, nyembamba, na msimu wa pamba ilijaa malori yanayopeleka magunia kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Kila lori lilivuta nyuma yake vumbi la kufunika nyumba. Zamani, akiwa amekaa kulia, Nasifu alisogeza gari kidogo tu, akachungulia, akaona mbele, akapita. Sasa alikaa upande wa mtaro. Mbele yake palikuwa na mbao za nyuma za lori na hakuna kingine. Ili aone kama kuna kitu kinakuja, ilibidi atoe gari zima katikati ya barabara, na akishalitoa ndipo ajue kama alifanya vizuri au amejiua.

Basi alikaa nyuma ya malori. Alikula vumbi kutoka Tororo mpaka Busia, na jioni akalila tena kutoka Busia mpaka Tororo. Abiria walishuka wekundu mpaka kope. Mmoja mmoja wakaanza kuhamia kwa Oluka.

Hakuhama Athieno. Huyu alikuwa mama wa makamo, Mjopadhola, mkulima wa nje kidogo ya Tororo, na watu wengi walimwita Mama Obbo kwa jina la mwanawe wa kwanza. Siku za soko alipeleka karanga na simsim Busia, akarudi na samaki wakavu wa kutoka ziwani. Tangu gari la zamani alikuwa akikaa mbele, kwa sababu akikaa nyuma tumbo humgeuka akatapika, na Nasifu alikuwa amemwekea kiti hicho bila maneno. Sasa kiti cha mbele cha abiria kilikuwa kulia. Kwa hiyo aliyeliona gari likija, aliona mahali pa dereva mwanamke mnene, kitambaa kichwani, mikono imetulia juu ya kikapu, na gari linakwenda. Watoto walipiga kelele. Kule Buteba mzee mmoja alishuka kwenye baiskeli yake, akaingia majanini, akasimama huko mpaka gari lilipopita.

Siku moja walikuwa nyuma ya lori la pamba, mwendo wa kinyonga, madirisha yamefungwa na joto limejaa. Mama Obbo akashusha kioo chake, akatoa kichwa, akatazama, akakirudisha.

"Enda," alisema.

"Nini?"

"Barabara iko wazi. Enda!"

Nasifu hakupata nafasi ya kufikiri. Mkono ulishusha gia, mguu ukakanyaga, gari la Kongo likaruka kutoka kwenye vumbi, likapita magunia, likapita magurudumu, likampita dereva wa lori aliyewatazama kwa mshangao, na mara mbele yao barabara ikawa tupu na hewa ikawa hewa. Watu wa nyuma walishangilia. Mama Obbo alipandisha kioo.

Nasifu alishika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa amepita bila kuona. Amekwenda kwa neno la mtu mwingine, kama kipofu aliyeshikwa mkono.

"Nani alikutuma useme?" Nasifu aliuliza.

"Mimi nachoka kula vumbi, Bwana Nasifu. Karanga yangu nakuwa nyekundu."

Ikawa desturi, ingawa hawakukubaliana. Walipofika nyuma ya lori Mama Obbo alishusha kioo. "Bado," alisema. "Bado. Baiskeli nakuja. Bado." Kisha: "Enda!" Na Nasifu alikwenda. Hakukosea hata mara moja mama yule. Abiria wakaanza kurudi. Haji Jamilu alifurahi, akampa Nasifu kofia mpya.

Nasifu peke yake ndiye hakufurahi. Kila "enda" ilimchoma. Alijikuta amekaza meno hata barabara ikiwa tupu. Pale stendi Oluka alikuwa amepata la kusema kila asubuhi.

"Nasikia siku hizi Mama Obbo ndiye dereva, wewe ni turniboi wake wa kupakia mizigo."

Nasifu alimwendea fundi, akafungiwa kioo cha kunyolea kwenye chuma kirefu upande wa kulia, kitokeze nje kimwonyeshe mbele. Kioo kilitikisika hivi kwamba kilimwonyesha mbingu, kisha gurudumu, kisha mbingu. Walipofika daraja la Mto Malaba kilikatika kikaanguka majini. Mama Obbo alikitazama kikizama, na kunyamaza kwake kulimkera Nasifu kuliko kicheko cha Oluka.

Siku ya soko iliyofuata, Mama Obbo alipofika na vikapu vyake alikuta kiti cha mbele kimejaa majora ya vitambaa.

"Leo kaa nyuma, mama," Nasifu alisema bila kumtazama. "Mbele kuna mzigo wa Haji."

"Mzigo inaweza kukaa juu ya gari."

"Mvua inaweza kunyesha."

Mama Obbo aliinua macho akatazama anga. Hapakuwa na wingu hata la ukubwa wa kiganja. Akaingia nyuma, akabanana kwenye dirisha la kulia pamoja na wanawake wawili wa Lunyo waliokuwa wakirudi kwao, na gari likaondoka.

Walipokaribia bonde la mto walikuta lori la pamba. Dereva wake alikuwa Edimu, Mteso mpole ambaye njia nzima ilimfahamu kwa jinsi alivyokuwa hapendi kupiga honi. Nasifu akakaa nyuma yake. Vumbi likaingia. Mmoja wa wanawake wa Lunyo alikohoa. Nyuma yao Oluka akatokea, akawapita wao na lori pamoja, akipiga honi ndefu ya kebehi, akapotea.

Nasifu alishusha gia. Alisogeza pua ya gari katikati ya barabara, akaona vumbi tu la Oluka, akarudi. Akasogeza tena.

"Bado!" Mama Obbo alipaza sauti kutoka nyuma. Alikuwa ametoa kichwa dirishani. "Bwana Nasifu, bado!"

Alisikia. Alilisikia neno lile vizuri kabisa, na kwa kuwa alilisikia, mguu wake ukakanyaga.

Gari lilitoka. Likafika usawa wa katikati ya lori, na hapo vumbi likapasuka, na mbele yake pakawa na ng'ombe. Ng'ombe wa mkokoteni, wawili, pembe pana, wamesimama wanamtazama. Nasifu alikanyaga breki alivyokanyaga zile za zamani, kwa nguvu zote. Breki za Kongo zikashika mara moja. Gari likateleza kwenye changarawe, likageuka upande, mkia ukatangulia, likateremka ukingo wa kulia likalala kwa ubavu ndani ya mafunjo ya kinamasi. Injini ikazima. Kitu cha kwanza Nasifu kusikia baada ya hapo kilikuwa ni karanga, zikimwagika polepole kutoka kikapuni hadi kwenye kioo.

Aliyewatoa ni Edimu. Alisimamisha lori, akashuka ukingo mbio mpaka viatu vikabaki kwenye matope, akavuta mlango, akawatoa wanawake wa Lunyo waliokuwa na michubuko tu, kisha Mama Obbo ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjwa mahali ambapo mkono haukunjwi. Alimbeba mgongoni mpaka juu, akampandisha mbele ya lori, akageuza, akampeleka hospitali ya Tororo na pamba yake yote nyuma.

Askari polisi alifika kwa baiskeli baada ya Edimu kuondoka. Alivua kofia, akajipangusa jasho, akauliza ilikuwaje. Watu wa mkokoteni walisema wao waliona vumbi tu. Wanawake wa Lunyo walikuwa bado wanalia. Askari akamgeukia Nasifu.

"Lori lilinibana," Nasifu alisema. "Nilikuwa nimeshafika katikati, likanisukuma nje ya njia."

Maneno yalitoka yenyewe, mepesi. Baadaye alijaribu kukumbuka kama aliyafikiria kwanza, hakukumbuka.

Gari lilitolewa kinamasini kwa minyororo, likapelekwa kwa mafundi wa kunyoosha bodi. Haji Jamilu alisikitika, akamlaani dereva wa lori, akamwambia Nasifu apumzike. Nasifu hakuweza kupumzika. Aliamka na alfajiri kama mwenye safari, akaswali, akaenda stendi, akakaa kwenye benchi la wauza chai, kabla chai haijapoa akawa amesimama. Alikwenda kwa mafundi akatazama bodi likigongwa. Alikwenda sokoni bila kununua kitu. Akirudi nyumbani alihamisha kiti kutoka ukumbini kwenda barazani, kutoka barazani kwenda ukumbini.

"Kaa basi," Hajarah alisema. "Au ondoka. Mojawapo. Unanizungusha kichwa."

Habari zilimfikia hapo stendi: jineri ilikuwa imemwondoa Edimu kwenye lori mpaka kesi isikilizwe, na huenda asilirudie tena. Watu walilitaja jambo hilo kwa huruma, kisha wakamtazama Nasifu kwa huruma vile vile. Hata Oluka alimnunulia mandazi. Nasifu aliyaacha kwenye benchi, akaondoka.

Mwishowe aliazima baiskeli kwa fundi mmoja akaenda kumjulia hali Mama Obbo. Hakuwa amepanda baiskeli tangu siku nyingi na njia nzima alihisi watu wanamwona. Alimkuta mama amekaa kwenye ngozi mbele ya nyumba yake, mkono umefungwa plasta nyeupe, anachambua karanga kwa mkono wa kushoto. Walisalimiana. Akaletewa kigoda na maji ya kunywa. Waliulizana habari za nyumbani, za mvua, za shamba, mpaka za kuuliza zikaisha.

"Pole sana, mama. Kelele za injini zile… sikukusikia."

Mama Obbo aliendelea kuchambua.

"Wewe nasikia," alisema.

"Wallahi, mama…"

"Hapana apa. Mimi iko nyuma yako, naona shingo. Mimi nasema bado, shingo yako nasimama, halafu gari nakwenda. Wewe nasikia mzuri sana."

Nasifu aliweka kikombe chini. Kuku walikuja wakadonoa maganda karibu na miguu yake.

"Edimu alikuja hapa," Mama Obbo alisema. "Jana. Naleta viazi. Nakaa hapo hapo wewe nakaa. Unajua yeye naniuliza nini?"

"Nini?"

"Naniuliza kama ni kweli. Yeye nasema, mama, mimi sioni nyuma, vumbi ni mingi, labda kweli mimi nilisogea, labda mimi ndiye navunja mkono yako. Naomba mimi samehe yeye." Aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Ule mtu hajui, Bwana Nasifu. Sasa hata kulala halali. Nafikiri labda ni yeye."

"Ukamwambia nini?"

"Namwambia mimi nangoja wewe kuja kwanza."

Nasifu alisimama, akashika baiskeli, akaiacha, akakaa tena kwenye kigoda. Mama Obbo hakumharakisha. Alikuwa na karanga nyingi na mkono mmoja.

"Naenda polisi," hatimaye Nasifu alisema.

"Pitia kwa Edimu kwanza. Polisi nalala vizuri."

Nyumba ya Edimu haikuwa mbali na jineri. Nasifu alimkuta anaezeka banda la mbuzi, akamweleza akiwa amesimama, bila kukaribishwa, maneno yakipandana. Edimu alisikiliza akiwa ameshika nyasi mkononi. Alipokwisha kusikia alishusha pumzi ndefu, akakaa chini pale pale juu ya matita ya nyasi, akajifunika uso kwa mikono. Hakumtukana. Nasifu alingoja atukanwe, akaona haitakuwa, akaondoka.

Polisi walimwandika upya. Hakimu alimtoza faini, akamzuia kuendesha mpaka mvua za masika ziishe. Edimu alirudishwa kwenye lori lake. Haji Jamilu alimwambia mbele ya wateja, "Mimi nimemlaani mtu wa watu kwa ajili yako," akaingia ndani. Lakini hakumfukuza. Alimweka dukani kupima vitambaa, na Nasifu akasimama nyuma ya meza miezi yote ya mvua akinyoosha majora, mguu wa kushoto ukikanyaga sakafu. Gari liliponyooshwa, Haji aliwajaribu madereva wengine. Mmoja, Badiru, alilirudisha siku hiyo hiyo akisema haoni mbele akiwa amekaa upande ule. Mwingine alilikwaruza kwenye ukuta wa msikiti. Mvua zilipokwisha Haji aliweka ufunguo juu ya jora alilokuwa akilipima Nasifu.

Siku ya kwanza stendi hakuna aliyecheka. Hilo lilimtia wasiwasi zaidi. Abiria waliingia nyuma wakiangaliana, kiti cha mbele kikabaki wazi. Nasifu alikuwa akipangusa kioo ambacho kilikuwa kimeshang'aa alipomwona Mama Obbo akivuka barabara na vikapu vyake. Miezi ile alikuwa akisafiri na Oluka, nyuma, na kila mtu alijua hali aliyokuwa akishuka nayo Busia. Mkono wake ulikuwa umepona lakini haukunyooka sawasawa.

"Mbele iko na mzigo?" aliuliza.

"Hakuna mzigo, mama."

Aliingia, akaweka kikapu mapajani.

Pamba ilikuwa imekwisha, ila sasa palikuwa na malori ya saruji, mazito na ya polepole zaidi, na vumbi lilikuwa limerudi. Walikutana na moja kabla ya Buteba. Nasifu akakaa nyuma yake. Akashusha gia. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Vipi, mama?" aliuliza.

Mama Obbo alishusha kioo, akatoa kichwa. Alitazama kwa muda mrefu.

"Bado."

Wakaenda. Vumbi likaingia. "Bado," alisema tena, na tena. Mtu wa nyuma akaguna kwamba watafika soko limevunjika. Barabara ikaanza kupinda kushoto kando ya bonde, na kwenye kona ile, kwa kuwa alikuwa amekaa upande wa ndani, Nasifu kwa mara ya kwanza aliona mbele kupita ubavu wa lori. Aliiona njia yote mpaka bondeni kwenye mto. Ilikuwa tupu. Hapakuwa na gari, wala baiskeli, wala mbuzi.

"Bado!" alisema Mama Obbo, sauti imepanda. "Bado, bado!"

Mguu wa Nasifu ulikuwa umeshagusa kanyagio. Akauondoa. Alipiga kona yote nyuma ya lori, na walipofika mahali pa kuegesha akatoa gari kando, akazima injini.

"Rejeta inataka maji," aliwaambia abiria. Rejeta haikutaka kitu. Watu walishuka wakilalamika, wakatawanyika majanini. Yeye alifungua boneti, akaiegemeza, akazunguka upande wa kulia. Mama Obbo alikuwa hajashuka. Mikono yake ilikuwa imeshika mpini wa kikapu kwa nguvu.

"Barabara ilikuwa wazi," alisema, akitazama mbele. "Si ndiyo?"

"Ilikuwa wazi."

"Wewe naona?"

"Niliona kwenye kona."

"Sasa kwa nini wewe hapana kwenda?"

Nasifu alipapasa mlango kwa kidole, akachora mstari kwenye vumbi, akaufuta.

"Ulisema bado."

Mama Obbo alitikisa kichwa. "Macho yangu naharibika. Kila vumbi nafungua, mimi naona ng'ombe. Hata kwa Oluka, kule nyuma, naona ng'ombe. Tafuta mtu mwingine wa kukaa hapa."

"Mimi nami mguu wangu haujatulia, mama. Tangu asubuhi unacheza. Tukikaa nyuma ya malori mpaka Busia, nani atakufa?"

"Watu nakwenda kwa Oluka."

"Waende."

Mama Obbo alimtazama sasa, kwanza usoni, kisha kwa namna ya kupima, shingoni. Akachomoa kitambaa chake kichwani, akakikung'uta nje ya dirisha, akakifunga upya kwa kukaza.

"Funga ile kitu," alisema, akionyesha boneti. "Jua nakwenda."

Abiria waliitwa. Gari likawaka mara moja, gia ikaingia bila kugoma. Waliteremka bondeni, wakavuka daraja, wakapanda upande wa pili, na juu kabisa ya mwinuko wakalikuta lori jingine la saruji likitambaa, vumbi limesimama nyuma yake kama ukuta. Nasifu hakuuliza. Alipunguza mwendo, akajipanga nyuma yake kwa umbali, akajiweka tayari kula vumbi.

Upande wa kulia kioo kilishuka. Mama Obbo alitoa kichwa, kisha bega lile la mkono mbovu, kitambaa kikipepea, akakaza macho mbele.

"Bado," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, kama anayejisemea, "Ngoja. Ngoja mimi naangalia mzuri."

Nasifu akashusha gia, akangoja.